Je, Mgonjwa Afichwe Habari Zake?

Kila tarehe 3 Februari, katika sikukuu ya Mtakatifu Blasi, padre hutuwekea shingoni mishumaa miwili iliyopishana, akatuombea tuepushwe na magonjwa ya koo. Wengi wetu hapa Babati twaipokea baraka hiyo bila hofu, kwa kuwa koo zetu ni nzima. Lakini tumfikirie baba wa nyumba ambaye sauti imemkauka miezi mitatu, na hata kumeza uji kwamtia uchungu. Huyo hana budi kwenda hospitali. Na huko ndiko lizaliwako swali letu la leo.

Daktari hukata kijipande cha nyama kooni kikapimwe. Zamani darubini ilijibu neno moja tu: ni kansa, au si kansa. Siku hizi, palipo na vifaa, seli zenyewe huulizwa zaidi. Katika kansa ya nyuma ya kinywa hutafutwa alama, kama protini iitwayo p16, inayodokeza kwamba ugonjwa umeletwa na virusi vya HPV. Katika kansa ya nyuma ya pua hutafutwa virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Alama hizo hueleza asili ya ugonjwa, tena hubashiri mwendo wake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa kansa ya nyuma ya kinywa, waliokuwa na HPV walikuwa hai baada ya miaka 3 kiasi cha 82 katika kila 100. Wasiokuwa nayo, kiasi cha 57.

Majibu yafikapo, mara nyingi huelezwa mwana mkubwa, wala si mgonjwa. Ndugu hukaa faragha wakapatana: baba aambiwe kwamba ni vidonda vya koo tu. Je, wafanya vema?

Hatuwashutumu. Ni upendo uliowafumba vinywa. Wachelea hofu isije ikamwua mzee kabla ya ugonjwa. Tena wana hoja nyingine yenye nguvu: hesabu ya watu 100 si hukumu ya mtu mmoja. Wale wa ng'ambo walipata mionzi na dawa kwa utaratibu. Mgonjwa wetu husafiri zaidi ya kilometa 200 hadi Moshi, na pengine amekwisha kuchelewa. Mfalme Hezekia aliambiwa kwamba atakufa, na Mungu akamwongezea miaka 15.

Lakini tuitazame vema habari hiyo. Nabii Isaya hakumficha mfalme. Alimwagiza atengeneze mambo ya nyumba yake. Na kwa sababu aliambiwa, Hezekia aligeukia ukuta, akalia, akaomba. Kama angalidanganywa, angaliomba nini?

Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, wala halazimiki kushika zile za kupita kiasi. Basi, ni nani wa kupima kama safari ndefu, mionzi na kuuza ng'ombe wote ni mzigo uchukulikao? Kwanza ni mgonjwa mwenyewe, naye hawezi kupima asilolijua. Asiyejua hagawi shamba kwa haki, hapatani na jirani yake, wala hamwiti padre mapema. Zaidi ya hayo, mwili wake humwambia kile ambacho wanawe wamemficha. Naye huwa mpweke katikati ya watoto wake.

Kwa hiyo twasema: ukweli ni haki ya mgonjwa, lakini usitupwe kama jiwe. Aulizwe kwanza apenda kujua nini. Na akitaka kuambiwa kidogo kidogo, na iwe hivyo. Aambiwe na ampendaye, akiwa ameketi karibu naye, asiyeondoka baada ya kusema. Hesabu zitajwe kuwa hesabu. Siku zetu azijua Mungu peke yake. Na Mpako wa Wagonjwa usingojee pumzi ya mwisho, maana ni nguvu ya mwenye kuugua.

Enyi wana wenye wazazi wagonjwa, semeni nao leo, wakati sauti yao ingalipo ya kuwajibu.