Je, Ni Haki Kupiga Yowe Kabla ya Kuwa na Hakika?

Wasomaji wetu, sisi tukaao chini ya Kibo na Mawenzi tumezoea kuinua macho asubuhi na kuitazama milima kabla ya kushika jembe. Leo twataka kuinua macho juu zaidi kidogo, ili tufikiri neno linalotuhusu papa hapa vihambani. Mtu aliyeona dalili ya hatari, lakini hana hakika nayo, awaambie jirani zake, au anyamaze mpaka ajue kabisa?

Liko jiwe angani liitwalo Apophis. Jina hilo ni la nyoka wa giza, adui wa jua katika masimulizi ya Wamisri wa kale. Ni moja katika yale mawe yaitwayo asteroidi, ambayo hulizunguka jua kama dunia yetu ilizungukavyo. Upana wake ni kama meta 340. Lau lingewekwa juu ya lile shimo la majivu lililo kileleni pa Kibo, lingekaribia kuuziba mdomo wake wote. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, na jiwe hili kwa siku 324 hivi. Wala halitangitangi ovyo, bali hufuata njia yake kama maji yafuatavyo mfongo. Lakini njia yake na njia yetu zakaribiana, na hapo ndipo penye neno.

Jiwe hili lilionekana mara ya kwanza mwezi wa Juni 2004, huko Arizona, Marekani. Likapotea, likaonekana tena mwezi wa Desemba. Wenye elimu ya nyota wakapiga hesabu, wakaona ya kuwa tarehe 13 Aprili 2029 huenda likaigonga dunia. Kwanza nafasi ya kugonga ilikuwa kama 1 katika 300. Walipozidi kupima ikazidi kupanda, hata tarehe 27 Desemba ikafika 1 katika 37. Hawakuyaficha hayo. Siku ile ile zikapatikana picha za mwezi wa Machi, ambazo jiwe limo ndani yake na hakuna aliyelitambua. Hesabu ikatengenezwa, na hatari ya mwaka 2029 ikafutwa. Hata mwezi wa Machi 2021 likapimwa kwa rada, ikajulikana ya kuwa halitatupiga kwa miaka 100 walau.

Basi mtu aweza kusema, “Watu hao walitutisha bure. Mbona hawakungoja?” Neno hili lina nguvu, nasi hatulidharau, maana hofu nayo ni mzigo, na si haki kumtwika mtu mzigo usio na sababu.

Lakini twakumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe tulipokuwa vijana. Jioni moja tulipita karibu na banio la mfongo, tukaona ukingo umelowa, maji yachuruzika kidogo kidogo upande wa chini. Wazee walikuwa wamekaa wakinywa mbege na kuzungumza. Tukaona haya kuwakatiza kwa ajili ya tone la maji, tukasema moyoni, “Pengine si kitu, tukisema, watatucheka.” Usiku ukingo ukabomoka. Maji yakashuka katika kihamba cha mjane mmoja, yakang’oa miche yake ya kahawa na migomba pia. Asubuhi tulisimama pamoja na watu wengine tukimpa pole, wala hatukusema ya kwamba tuliona. Wahenga husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta ule hatukuujenga sisi, aliujenga yule mjane.

Tena angalieni. Juma lile lile la hesabu za Apophis, tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, yakainuka mawimbi yaliyoua watu zaidi ya 200,000. Yalichukua saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi. Huko Kenya wakubwa walisikia habari za Asia, wakawaondoa watu ufukoni, na aliyekufa alikuwa mtu mmoja. Somalia, ambako watu wa pwani hawakuonywa, walikufa karibu 300. Na Tanzania yetu ilipoteza kumi na zaidi. Je, wale wa Kenya walikuwa na hakika? Wimbi lilikuwa halijafika; nani angejua litakuja na nguvu gani? Lau wangengoja hakika, hakika ingewakuta ndani ya maji.

Ndiyo sababu twasema, mwenye kuona na aseme. Lakini kuonya si kueneza uvumi. Mwenye uvumi husema asiyoyaona, huyaongeza njiani, na yakiwa uongo hujificha. Mwenye kuonya hufanya mambo matatu: hueleza alichokiona, hutaja kadiri ya shaka yake, na akipata habari mpya hurudi kujisahihisha mbele ya wale wale aliowaambia. Hili la tatu ndilo gumu, kwa kuwa aibu hutuzuia; nasi twajua aibu ilivyofanya kazi penye mfongo.

Tarehe 13 Aprili 2029, usiku wa kuamkia tarehe 14, saa sita ikiisha kupita, Apophis litapita kilometa 32,000 hivi kutoka duniani, yaani karibu kuliko sehemu ya kumi ya umbali wa mwezi. Dunia italivuta, na njia yake itapindika, hata mzunguko wake utapita siku 400. Watu wa Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi wataweza kuliona kwa macho matupu kama nyota itembeayo. Kwetu itakuwa masika, na pengine mawingu yatatuzuia. Hata hivyo tuwatoe watoto nje, tuwaambie habari za wale waliosema walipoona, wakajisahihisha walipojua. Kisha asubuhi, kabla ya kushika jembe, twende tukautazame ukingo wa mfongo.