Gari Lililo Juu ya Mawe

Somo: 2 Wakorintho 8:6–12

Wakorintho walianza vizuri. Habari ya mchango kwa ajili ya ndugu maskini wa Yerusalemu ilipowafikia hawakusukumwa na mtu. Walitaka wenyewe, wakaanza kabla ya wengi. Paulo aliwapa utaratibu ambao hata mjane angeuweza: kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu atenge kitu nyumbani kwake kulingana na alivyojaliwa. Kisha mwaka ukapita. Tukifika sura ya nane ya waraka wa pili, Wamakedonia katika umaskini wao wameshatoa kupita uwezo wao, na kikapu cha Korintho bado hakijajaa. Hapo ndipo Paulo anapowashauri: moyo wa kutaka mlikuwa nao, sasa malizeni tendo lenyewe, tena mlimalize kwa kadiri ya mlicho nacho.

Kwa miezi kadhaa sasa, hiyo kadiri ya mlicho nacho hainitoki. Nimeisoma kanisani, nimeisoma kitandani, nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya Land Rover 109 ambayo ilikuwa haijaguswa tangu kaka yangu afariki.

Gari lenyewe ni pikapu ya toleo la tatu, lile lililoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Wasomaji wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kuelezwa habari zake. Magari ya ukoo huo ndiyo yaliyobeba walimu, wagonjwa, majeneza na kwaya katika barabara zetu za udongo mwekundu miaka mingi kabla lami haijaanza kusogea huku. Bodi yake ni ya aluminiamu na haishiki kutu. Chasi ni ya chuma, na kutu huila huko chini usikotazama. Kaka alilinunua likiwa limekufa injini, tukaliburuta hadi kwangu Kibondo kwa kuwa uani kwangu kuna nafasi. Nia yake haikuwa kulifanya litembee tu. Alitaka kutoa ile injini ya petroli na kuweka dizeli ya Isuzu, 4JB1. Alitaka matairi mapana, springi zilizonyanyuliwa, bodi ya nyuma aliyoikata na kuichomelea upya kwa mkono wake mwenyewe, na rangi ya kijani iliyoiva. Alitaka likipita stendi ya Kasulu vijana wageuze shingo.

Wapo watakaouliza kama Mkristo ana haki ya kutumia fedha na Jumamosi zake kwa kitu cha namna hiyo. Nimeulizwa hivyo na watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni Bezaleli. Katika Kutoka 31 tunasoma habari za mtu aliyejazwa Roho wa Mungu, na alichopewa kwa kujazwa huko ni ustadi wa kufua dhahabu, shaba na fedha, kuchonga mawe na kuchonga mbao. Kaka yangu aliponyoosha kona ya bodi mpaka mwanga ukatelezea juu yake bila kukatika, uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemshukuru Mungu. Sina mashaka na hilo. Na gari lilikuwa na kazi iliyokuwa ikilingoja: maharage ya akina mama siku za mnada, wanakwaya siku za mkutano, na usiku mama mjamzito anayehitaji kufika hospitali kabla hali haijaharibika.

Basi akaugua, akafa. Gari likabaki juu ya mawe, magurudumu yametolewa, injini ya Isuzu imefunikwa turubai pembeni. Majani yakaota ndani ya fremu. Mwanzoni watu walinyamaza kwa heshima ya msiba. Baadaye ushauri ukaja. Mmoja aliniambia niuze chuma chakavu nipate ada. Mwingine, mtu wa maombi kweli, aliniambia nifunge na kumwomba Mungu anirudishie ari. Niliomba. Niliomba kwa bidii na kwa muda mrefu, na kila nilipotoka chumbani nikalitazama gari, mikono ilikuwa mizito kama kabla sijaomba.

Wakorintho ndio walionifungua macho. Tunaporuka moja kwa moja kwenye sura ya nane, kama wahubiri wengi wanavyofanya wakati wa kukusanya sadaka ya ujenzi, tunapata picha ya watu walegevu wanaopaswa kuamshwa. Lakini anza mwanzoni mwa waraka. Kati ya siku mchango ulipoanza na siku ile Paulo anaandika, kulikuwa na ugomvi kati yake na kanisa. Alikuwa amewatembelea, ziara ikawa ya huzuni. Aliwaandikia barua kwa machozi mengi, kwa dhiki na moyo ulioumia. Alipofika Makedonia hakupata raha, nje vita, ndani hofu, mpaka Tito aliporudi na habari kwamba Wakorintho nao walikuwa wakilia na kumtamani. Hayo yote yako katika sura ya pili na ya saba. Kikapu hakikusimama kwa sababu watu walikuwa wavivu. Kilisimama kwa sababu mioyo ilikuwa na jeraha, na hakuna anayehesabu fedha vizuri akiwa na jeraha.

Paulo alijua. Hakuanza na mchango. Alianza kwa kumbariki Mungu wa faraja yote, akaandika sura saba za machozi, msamaha na upatanisho, na ndipo akasema: sasa, malizeni. Nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko mahubiri yote ya bidii niliyowahi kusikia. Kazi iliyosimama kwa huzuni haiamshwi kwa kukemewa. Mtu wa namna hiyo alilie kwanza kile kilichomsimamisha. Mimi nilikuwa nikiomba ari ya kulitengeneza gari, na muda wote huo sikuwa nimewahi kumwambia Mungu kwa sauti kwamba namtaka kaka yangu arudi.

Niliposema hivyo hatimaye, nilisema nikiwa ndani ya kabini, mlango umefungwa, na nikalia mpaka mke wangu akaja kugonga kioo.

Halafu kuna Tito. Mstari wa sita unasema ndiye aliyeuanza mchango ule Korintho, na ndiye anayetumwa kuukamilisha. Paulo hakutuma barua peke yake. Alimtuma mtu, tena mtu aliyekuwapo tangu mwanzo, anayejua nani aliahidi nini. Tito wangu ni kijana wa kaka, anayesomea ufundi wa magari VETA Kigoma. Alikuwa mtoto wa kushika tochi tulipokuwa tukifungua giaboksi. Wakati wa likizo alikuja, akasalimia, akala, kisha akaenda moja kwa moja uani na kurudi akiniuliza, “Baba mdogo, kwa nini injini haijafunguliwa?” Nikamwambia sina moyo. Akasema, “Naomba ruhusa nifunue tu.”

Tulifunua pamoja, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nakijua. Kaka alikuwa ametoa nozeli zote nne, akamimina oili kwenye kila silinda, akarudishia nozeli na kuzikaza. Tundu la kuingizia hewa alilifunga kwa kitambaa na nailoni, na vivyo hivyo la moshi. Kwenye puli alichora alama kwa chaki ya mafuta. Alifanya hivyo akiwa tayari mgonjwa, wala hakuniambia. Kijana akashika puli kwa spana, akavuta, na injini ikazunguka.

Sisi watu wa Kigoma tunayo meli iliyohifadhiwa namna hiyo. Ile tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Walikuwa wakikimbia, meli inakwenda chini ya ziwa, na bado kuna mtu aliinama na kopo la grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na 1927 ikaanza tena kubeba watu kwa jina lake jipya. Waliopaka grisi hawakuwa wao waliokuja kuifaidi. Mbele ya ile injini ya Isuzu niliwafikiria sana mafundi wale. Mtu anayejua hataimaliza kazi anaweza kuiacha katika hali ambayo mwingine ataimaliza, na huo nao ni utoaji. Kaka alitoa kwa kadiri ya alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho wakati ule ni nguvu za saa chache na chupa ya oili.

Sasa nirudi kwenye ile kadiri. Mstari wa kumi na mbili unaendelea kusema kwamba utayari ukiwapo, mtu anapokelewa kwa kile alicho nacho, wala haangaliwi kwa kile asicho nacho. Kwa muda wote huu nilikuwa nimelipima gari kwa nisivyo navyo. Sina adapta ya kuunganisha Isuzu na giaboksi ya Land Rover. Lazima ichongwe na fundi wa vyuma mwenye mashine, na huku kwetu hayupo. Sina redieta. Sina fedha ya matairi mapana. Sina hata spana kamili, maana gari hili ni la inchi, na spana namba 13 inacheza kwenye nati ya nusu inchi mpaka kona zinaliwa. Na sina kaka. Ukiorodhesha hivyo jioni, huwezi kuinuka asubuhi.

Nilicho nacho ni kijana wakati wa likizo, brashi ya waya, msasa, kopo la rangi ya kuzuia kutu, na fremu iliyo wazi. Basi tumeanza na fremu. Tumekwangua kutu upande wa kushoto, tumegonga kwa nyundo kusikiliza wapi chuma kimekonda, tumeweka alama mahali pa kuchomelea viraka. Kazi hiyo haina sifa, hakuna anayegeuza shingo stendi kwa ajili ya fremu. Lakini nimegundua kwamba ari niliyoiomba miezi yote ile hutokea katikati ya kazi, kama saa moja baada ya kuanza, mikono ikiwa tayari michafu. Sijawahi kuikuta ikinisubiri kabla ya hapo.

Na niseme neno kwa makanisa yetu, maana nisipolisema nitakuwa sijatenda haki kwa andiko. Pita kutoka Kasulu kuja Kibondo utazame maboma. Kuta za tofali za kuchoma, madirisha bila fremu, mti umeota madhabahuni. Kila boma liliwekewa jiwe la msingi kwa nyimbo na vigelegele na chakula cha wageni. Tunapenda mno kuweka mawe ya msingi. Kisha kazi inasimama, na kila mwaka mpya tunaitisha harambee nyingine kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, tukidhani watu wamelala. Hawajalala. Nenda ukaulize kwa upole, utakuta kuna hesabu ambazo hazikusomwa, kuna familia iliyotukanwa hadharani, kuna mwinjilisti aliyehamishwa usiku bila kuagwa. Zile sura saba hazijaandikwa, na sisi tunahubiri ya nane. Wazee wa kanisa, andikeni sura saba kwanza. Someni hesabu. Nendeni mkaombe radhi nyumba kwa nyumba. Kisha mtume mtu, wala msitume tangazo, na mwambieni apokee debe la maharage kwa furaha ileile ambayo angepokea nayo laki moja.

Je, Wakorintho walimaliza? Walimaliza. Waraka kwa Warumi uliandikwa kutoka huko huko Korintho, na katika sura ya kumi na tano, mstari wa ishirini na sita, Paulo anataarifu kwamba Makedonia na Akaya wameona vema kuwachangia maskini wa Yerusalemu. Akaya ndilo jimbo lenye Korintho. Hakuandika kiasi walichotoa. Aliandika kwamba yuko safarini kuupeleka.

Kijana amerudi chuoni. Kabla ya kuondoka aliniachia upande wa kulia wa fremu na akaniagiza nisifike kwenye mabano ya springi mpaka arudi, kwa kuwa anataka tuyapime pamoja. Nimekubali. Jumamosi nakwangua, mzee mmoja wa kanisa amejitolea kuja kunisaidia kugonga na kusikiliza chuma, na nimeweka kibubu kwa ajili ya adapta, kinachoongezwa kila siku ya kwanza ya juma.

Bwana Mungu wa faraja yote, wafariji walioachiwa kazi na marehemu wao. Wape Tito. Upokee walicho nacho wiki hii.