Bure na Wakfu

Kijana wa Chaani anayetaka Kijerumani cha kumpatia kazi ya uuguzi, au Kiarabu cha kuielewa Kurani aliyoisoma chuoni tangu utotoni, halazimiki tena kuvuka Makupa kwenda kisiwani Mombasa kulipa karo. Deutsche Welle humfundisha Kijerumani kuanzia salamu bila malipo. Chuo Kikuu cha Leeds kimetoa uchambuzi wa sarufi ya Kurani nzima, neno kwa neno, na yeyote mwenye simu na bando huusoma. Kwa mtaa ambao wengi wake huishi kwa kibarua cha bandarini na viwandani, hii ni neema kubwa. Hata hivyo, kuna swali linalotangulia shukrani: aliyepewa lugha bure, amepewa, au ameazimwa tu?

Pwani tuna kipimo chake, nacho ni wakfu. Katika sheria ya Kiislamu, anayeweka mali wakfu huifunga: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na manufaa yake huwaendea aliowakusudia. Wala si mashamba na nyumba peke yake. Katika hazina ya miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, ambako Habib Saleh aliwasomesha hata waliodharauliwa kwa nasaba zao, mna vitabu vilivyoandikwa kuwa ni wakfu. Mtoaji alijua kwamba atakufa na kwamba warithi nao wana shida zao. Maandishi yale mafupi yalimlinda msomaji ambaye hajazaliwa, kwa sababu nia njema huchoka, na mwenye nia hiyo huondoka.

Sasa tazama Duolingo, programu ya kujifunzia lugha. Kozi yake ya Kiswahili ilitoka 2017, ikiwa imeandaliwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2021 kampuni ilifunga mpango wa kujitolea, ikawalipa waliochangia, na mwaka huohuo ikaingia soko la hisa la Nasdaq. Hapana dhuluma hapo, na masomo bado hupatikana bure kwa anayevumilia matangazo. Lakini kazi ile ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili masharti kesho. Tatoeba ni habari nyingine: sentensi zake, zilizoandikwa na umma kwa mamia ya lugha, hutolewa kwa leseni isiyoweza kufutwa. Tovuti ikifungwa leo, aliyezipakua anabaki na haki yake yote. Sisemi hiyo ni wakfu kisheria, maana thawabu ina nia yake na Mungu ndiye aijuaye. Nasema umbo lake ni lilelile.

Atasema mtu kwamba mwanafunzi anatafuta maneno, hatafuti hati ya umiliki. Kwa wiki ya kwanza ni kweli. Ila lugha hujifunzwa kwa miaka, na bei ikiwekwa mlangoni katikati ya safari, mwenye pesa atalipa na kuendelea. Atakayebaki nje ni yule yule wa Chaani. Mwingine atauliza umeme na mishahara italipwa na nani. Mafakihi walilijibu hilo zamani: msimamizi wa wakfu hupewa ujira kutokana na mapato yake, na matengenezo hutangulia mgawo. Ujira haukukatazwa, kilichokatazwa ni kuuza shina. Na kwa jirani Mkristo, Injili ya Mathayo inawaagiza wanafunzi wa Yesu watoe bure walichopokea bure, agizo linalomgusa mpokeaji kuliko mtoaji.

Mpokeaji ndiye anayesahauliwa katika mjadala huu. Uchambuzi ule wa Leeds umeelezwa kwa Kiingereza, hivyo mama aliyeishia darasa la nne hukuta mlango wa bure umefungwa kwa ufunguo mwingine. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyochapwa kamili 1969, inampa maana ya aya kwa Kiswahili, lakini haimfundishi kwa nini neno limekuja na irabu ile. Aliyekwisha kuupita mlango huo anaweza kumwandikia maelezo hayo, sura fupifupi kwanza, kwa Kiswahili cha nyumbani, na juu ya ukurasa wa kwanza aandike kwamba hayauzwi.