Ngoma Isikiwayo kwa Mbali

Usiku wa Mpuguso huchukua sauti mbali. Mvua ikishakatika, nawe umelala katikati ya migomba, ngoma ipigwayo bonde la pili hukufikia kana kwamba yapigwa uani kwako. Kwa sauti hiyo ya mbali niliwahi kutunga shairi la kuilaani mikesha ya vijana wetu wachezao singeli hadi alfajiri. Niliuita mkesha huo soko la uasherati. Vina vilikaa, mizani ikatimia, wazee wenzangu wakanisifu. Mpwa wangu peke yake aliniuliza: "Mjomba, kwani ulifika?"

Sikuwa nimefika.

Je, ni haki kuihukumu furaha ya watu kwa mwangwi wake? Mimi ni mfasiri, na kazi hii imenifunza kuwa neno tusilolijua halitudhuru sana. Litudhurulo ni lile tudhanialo twalijua, kumbe ni la lugha nyingine. Huko Jinja, Uganda, tangu mwaka 2015 hufanyika tamasha la muziki liitwalo Nyege Nyege. Msomaji wa pwani atainamisha macho kwa jina hilo, wala simlaumu. Lakini waanzilishi wake hulieleza kwa Kiganda, kuwa ni ile hamu isiyozuilika ya kuinuka na kucheza. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili, marehemu Simon Lokodo, alilipiga marufuku, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 Bunge nalo likalikataza, na serikali ikaliachia tena. Sisemi kuwa jina tu ndilo lililoliponza, kwani ulevi na ngono navyo vilitajwa. Lakini jina liliisha kutoa hukumu kabla ya shahidi yeyote kuitwa.

Kwetu Rungwe kisa hiki si kigeni. Wamisionari waliofika hapa mwaka 1891 walikuta mazishi ambayo wanawake huomboleza na wanaume hucheza ngoma wakiwa na mikuki. Ngoma juu ya maiti! Wakristo wakafundishwa kujitenga nayo. Katika miaka ya 1930 Monica Wilson aliishi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey, nao waliwauliza wachezaji wenyewe. Wakaelezwa kuwa mioyoni mwa wachezaji mlikuwa na vita, huzuni na hofu. Kumbe yule mtu mwenye mkuki alikuwa akilia kwa miguu.

Hata Uingereza, sheria ya mwaka 1994 ilipotaka kuwapa polisi uwezo wa kuvunja mikesha ya muziki huko mashambani, iliueleza muziki huo kwa mapigo yake yajirudiayo. Nilicheka peke yangu. Kwa kipimo hicho utenzi wetu, wenye kina kimoja kirudicho mwishoni mwa kila ubeti, ungelala rumande.

Basi nikaenda. Ulikuwa mkesha wa harusi, chini ya turubai, jenereta ikinguruma kando. Singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, una mapigo yapitayo 200 kwa dakika, na kwa nusu saa ya kwanza sikusikia ila kelele. Kisha sikio likazoea. Yule kijana mghani alikuwa akitupa mafumbo kwa kasi ambayo malenga wengi wasingeiweza, na waliomzunguka wakimjibu. Alitaja kodi ya chumba, mchumba aliyeondoka, mama aliye mgonjwa. Wasichana niliowatungia ubeti walikuwa wakicheza wao kwa wao, jasho likiwatiririka, hawana habari nami.

Lakini nitasema na jingine. Saa nane usiku niliona watoto wa miaka kumi hivi wangali macho karibu na spika, wala hapakuwa na mzazi wa kuwauliza. Na nyumba ya tatu kutoka hapo mama mmoja mgonjwa hakupata usingizi hadi kulipokucha. Mpwa wangu, nilipomtajia haya, hakubisha. Aliniuliza tu kwa nini katika shairi langu hamna mtoto wala mgonjwa, ila viuno.

Daftari ninalo hapa. Beti nne nimezifuta. Ubeti wa tano, ule niliosifiwa zaidi, nimeutilia mstari wa penseli, nao bado unasomeka.