Dawa na Kadiri Yake

Shukrani zote twamtolea Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili na moyo akavifungamanisha, kimoja kikiugua mwenziwe naye hukosa raha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Kisauni, Likoni na Changamwe, na kila mahali lifikapo karatasi letu hili. Haya niyaandikayo leo ni nasaha, na pia ni toba. Kosa lililofanywa mbele za watu halifai kutubiwa faraghani peke yake. Yapasa lisahihishwe mahali pale pale liliposikiwa, ili mwingine asilichukue kuwa ni mafunzo.

Yuko dada yetu mmoja wa Kisauni, ambaye amenipa ruhusa kusimulia khabari yake bila ya kumtaja jina. Dada huyu alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, akapasuliwa, na ile tezi ikaondolewa yote. Alipotoka hospitali alipewa vidonge vya levothairoksini, akaambiwa kuwa atavimeza kila siku umri wake wote. Akavimeza. Baada ya majuma machache moyo ukawa wamdunda kama mtu aliyekimbizwa, mikono yamtetemeka hata chai humwagika, usingizi umemruka, tumbo lamwendesha mara nyingi kwa siku. Na usiku hushikwa na khofu kubwa asiyojua aikhofiye nini.

Shangazi yake akasema: huyu ana pepo, na apungwe. Mumewe, ambaye ni mtu wa darsa yetu, akakataa ngoma hizo akaja kwangu. Nami nilifurahi kwa kukataa kwake, na katika furaha hiyo nikampa jawabu upesi. Nikamwambia: mwambie azidishe adhkari za asubuhi na jioni, kwani moyo wenye kumtegemea Mola wake hauingiwi na khofu kama hiyo. Na jioni ile nikayakariri maneno hayo katika darsa, watu wakasikia.

Adhkari ni kheri, wala sijutii kuziusia. Walakini jawabu langu lilikuwa ni jawabu la mtu asiyeuliza. Sikuuliza anameza dawa gani, wala lini alipimwa damu mara ya mwisho. Dada yetu aliposikia maneno yangu akayapima kwa akili yake, akasema: ikiwa khofu hii ni upungufu wa imani yangu, na vidonge hivi ndivyo vinavyonisumbua tumbo, basi bora niviache nimtegemee Mungu. Akaviacha.

Juma la kwanza na la pili akaona nafuu, nasi tukasema alhamdulillahi. Kisha mambo yakageuka. Akawa asikia baridi katika jua la kaskazi. Uso ukamvimba, sauti ikakwaruza, tumbo lililokuwa likiendesha likafunga, na usingizi uliokuwa umemruka ukamlemea hata sala ya alfajiri ikawa yampita. Jirani yake muuguzi alipomwona alimuuliza suali moja tu, ambalo sisi wenye elimu hatukuliuliza: vidonge vyako viko wapi? Akamvusha daraja la Nyali siku ile ile kumpeleka kwa daktari.

Sasa, ndugu zangu, tuelewe jambo lilivyokuwa. Tezi ya shingo ni kiungo kidogo chini ya koo, chenye umbo kama la kipepeo. Kazi yake ni kutoa homoni inayouamrisha mwili wende kwa mwendo gani: moyo upige vipi, tumbo lisukume chakula kwa kasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani. Mfano wake ni utambi wa kandili. Ukipandishwa kupita kiasi, moto hutoa moshi na kioo huwa cheusi. Ukishushwa mno, taa hufifia hata ikazimika. Vidonge vya levothairoksini si kitu kigeni mwilini. Ni homoni ile ile iliyokuwa ikitolewa na tezi. Basi yule aliyeondolewa tezi, vidonge hivyo ndivyo utambi wake.

Kwa hivyo mengi tunayoyaita madhara ya dawa hii si uadui wa dawa kwa mwili, ila ni alama ya kuwa kipimo kimezidi. Moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho, kukonda, kukosa usingizi, wasiwasi na tumbo kuendesha, yote hayo ni utambi uliopandishwa. Na baridi, uzito, uchovu, huzuni na tumbo kufunga ni utambi ulioshushwa. Tena dawa hii hukaa sana mwilini. Huchukua kama juma moja nusu yake tu kutoka. Ndiyo sababu anayeiacha haoni khatari upesi, bali huenda akaona nafuu kwanza akadanganyika. Na ndiyo sababu madaktari, wakibadilisha kipimo, huingoja damu kwa majuma 6 hata 8 ndipo waipime tena.

Lau ningalitafakari, ningaliikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Abu Said Al-Khudri ameeleza khabari ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumshitakia tumbo la nduguye. Mtume akamwamrisha amnyweshe asali. Yule mtu akarudi akasema hali imezidi. Akaamrishwa kumnywesha tena, na tena, mpaka nduguye akapona. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoieleza hadithi hii katika Zadul Maad, alionyesha kuwa ndani ya kule kukariri mna siri ya utabibu: dawa haina budi iwe na kadiri inayolingana na ugonjwa; ikipungua haiuondoi ugonjwa, na ikizidi huzidhoofisha nguvu za mwili ikaleta madhara mengine.

Tazameni, ndugu zangu! Mwanachuoni huyu ameyasema hayo karne tano na zaidi kabla ya mwaka 1891, ambapo daktari wa Kiingereza, George Murray wa Newcastle, alimtibu kwa maji ya tezi ya kondoo mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mwanamke huyo aliishi na dawa hiyo miaka 28 baadaye. Na sura ya Al-Qamar, aya ya 49, imetufundisha kuwa kila kitu Mwenyezi Mungu amekiumba kwa kadiri. Basi vipi tutaitakidi kuwa kidonge peke yake hakina kadiri?

Na tazameni yule mtu wa hadithi alivyofanya. Dawa ilipoonekana kumzidishia nduguye, hakuitupa, wala hakuificha khabari kwa kuona haya. Alirudi kwa aliyempa, akamweleza. Huko kurudi ndiko tulikokukosa sisi.

Sisi watu wa darsa twajifakhiri kuwa tumezikataa ngoma za pepo na kombe za waganga. Ni kweli tumezikataa, na tumefanya vyema. Lakini mahali pa ngoma tumeweka nini? Nakhofu kuwa mara nyingi tumeweka lawama. Mganga humwambia mgonjwa: una pepo, nasi twamwambia: huna imani. Wote wawili hatukumuuliza. Na huenda lawama ikawa nzito zaidi, kwani pepo husemwa kuwa ametoka nje, ama upungufu wa imani mgonjwa huutafuta ndani ya nafsi yake usiku kucha, huku moyo wamdunda kwa sababu ya kidonge.

Tena, ni nani aliyetwambia kuwa wasiwasi ni dalili ya ukafiri wa moyo? Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimuomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, na mtu haombi kinga ila kwa jambo liwezalo kumfika. Nabii Yaakubu (a.s.) alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, kama ilivyoelezwa katika sura ya Yusuf, aya ya 84, naye ni Nabii. Na Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, khofu ikiwemo, na kwamba kila kimoja humdhuru mwenziwe. Kwa hivyo vyote viwili vyataka kutibiwa.

Wala nisije nikawatia katika kosa la pili. Si kila khofu yatokana na tezi, wala si kila tumbo. Dada yetu aliporudishiwa vidonge kwa kipimo kidogo, kikarekebishwa kwa damu, moyo ulitulia na tumbo likakaa sawa. Lakini khofu ya usiku ilibaki muda, kwani nafsi ilikwisha zoea kuungoja usiku kwa kitisho. Akatibiwa hiyo nayo, kwa kuzungumza na mjuzi wa maradhi ya nafsi, na kwa adhkari zake ambazo sasa azisoma kwa raha, si kwa kujihukumu.

Basi nawausia haya, kwa yale niliyojifunza kwa madaktari.

Kwanza, levothairoksini yamezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hata saa moja kabla ya chai ya maziwa na mahamri, na kwa wakati ule ule kila siku. Vidonge vya madini ya chuma, vya chokaa ya mifupa, na dawa za kutuliza kiungulia vitengwe nayo kwa saa 4. Na mwenye kutumia dawa za vidonda vya tumbo amwambie daktari, kwani baadhi yake huipunguza dawa hii kuingia mwilini.

Pili, ukiona alama za kuzidi au kupungua, usiache wala usikate kidonge kwa rai yako, rudi upimwe. Na kifua kikiuma, au moyo ukipiga ovyo, au ukizimia, usingoje kesho.

Tatu, wale ambao tezi yao ina nguvu mno, nao hupewa dawa ya kuipunguza kama kabimazoli, wakipata homa, koo kuuma au vidonda vya mdomo, wasimeze kidonge kingine mpaka waende siku hiyo hiyo kupimwa damu. Dawa hiyo, kwa watu wachache, huzivunja chembe zinazoukinga mwili.

Nne, mja mzito asiache levothairoksini. Mara nyingi mahitaji yake huzidi. Na amwambie daktari mara tu ajuapo hali yake.

Tano, Ramadhani isiwe sababu ya kuacha. Muulize daktari mapema, kwani kuna wanaoimeza usiku, saa kadhaa baada ya futari, au kabla ya daku. Na ambaye funga yamdhuru, sura ya Al-Baqara, aya za 184 na 185, imempa ruhusa; kuikubali ruhusa ya Mola ni ibada.

Na nyinyi waume, wakwe na mashangazi, msimhisabie mgonjwa nauli ya matatu na pesa za kupima damu kama kwamba ni anasa. Mtu hasemi moyo wamwenda mbio ili apate kuhurumiwa.

Ama mimi, nimebadilisha ada yangu. Ajaye kwangu na khofu, kabla sijamwambia asome nini, namuuliza anameza nini. Na kwa dada yetu nimekwenda, mbele ya mumewe na shangazi yake, nikamtaka radhi. Akanisamehe, kisha akanambia niyaandike haya, kwani yuko mwingine mtaani, alisema, ambaye usiku huu amekaa kitandani na kidonge mkononi, hajui ameze au asimeze, naye aona haya kuuliza.

Kama ni wewe usomaye, dada yangu au ndugu yangu, usiitupe dawa yako, wala usijilaumu. Asubuhi nenda ukaulize.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe sisi tuliosema bila ya kuuliza. Amin.