Huo Upepo ni wa Kwetu

Jioni moja stima ilirudi mtaani kwetu baada ya kupotea kwa saa nne. Unaijua ile kelele: watoto wa ploti nzima wanapiga nduru utadhani bao limefungwa. Mimi na rafiki yangu mmoja kutoka Marsabit tulikuwa tumekaa gizani, simu zetu zote zimezima. Nikakimbilia soketi. Yeye akacheka, akasema, "Chaji polepole, buda. Huo upepo ni wa kwetu."

Nilicheka pia. Baadaye, nikiwa kitandani, mzaha wake ukaanza kunikosesha usingizi.

Nianze na jambo ambalo sisi Wakenya tuna haki ya kujivunia. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hautokani na makaa ya mawe wala dizeli. Unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi 1981, kwenye mabwawa ya Mto Tana, kwenye jua na kwenye upepo. Kuna mataifa tajiri kutuliko ambayo bado hayajafika hapo. Na mimi si mtu wa kubeza hilo. Masomo ya shule ya msingi niliyasoma kwa koroboi. Asubuhi ukipenga kamasi, zinatoka nyeusi. Mtu aliyevuta moshi wa mafuta taa miaka minane hawezi kuwa adui wa umeme safi.

Shida yangu ni hilo neno "safi". Kwa Kiswahili lina kazi nyingi. Shati ni safi, moyo ni safi, mchezo ni safi. Noti inaweza kuwa mpya kabisa, haina hata mkunjo, na bado ikawa ya wizi. Tukisema umeme ni safi, huwa tumepima moshi tu. Hatujauliza ulipatikanaje.

Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ndipo ugawiwe sisi wengine. Mradi ulipewa ardhi ya ekari 150,000, mahali ambapo Warendille, Wasamburu, Waturkana na majirani zao wamechunga mifugo tangu jadi. Mwaka wa 2014 baadhi ya wakazi walienda kortini. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kufikia siku hiyo, mitambo ilikuwa inazunguka kitambo, na mimi nilikuwa nachaji simu.

Sasa linganisha na Lamu. Huko kulipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walipinga, na Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira likafuta leseni yake. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyofaa. Wengi wetu Nairobi tulishangilia. Tulisema, hamwezi kuwajengea watu kitu kama hicho bila kuwauliza! Na tulikuwa sawa. Lakini mbona malalamiko yaleyale yakitoka Marsabit tunayasikia kama kelele za watu wanaochelewesha maendeleo?

Nadhani jibu ni la aibu kidogo. Kule Lamu tuliogopa moshi, na moshi hauna mipaka. Ungeweza kutufikia hata sisi. Wafugaji wakipoteza malisho, hakuna kitakachopeperuka hadi Nairobi. Kwa hivyo tulipotetea haki ya watu wa Lamu kuulizwa, pengine tulikuwa tunatetea hewa yetu tu.

Kuna mtu ataniambia: wacha maringo, dunia inaungua. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa nchi. Mizoga ya ng'ombe na ngamia tuliiona kwenye habari. Wanaoumizwa kwanza na joto hili ni wafugaji haohao, na kila mtambo wa upepo unaochukua nafasi ya dizeli unawasaidia wao pia. Sasa tukae mikutano mia moja chini ya mti huku mvua inazidi kupotea?

Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuikwepa. Lakini iangalie vizuri. Inasema tunafanya haya kwa ajili yao. Kama ni kwa ajili yao, basi ni ajabu kwamba wao ndio wa mwisho kuambiwa. Tena hao ni watu ambao hawajachangia karibu chochote katika kuichafua hewa ya dunia. Kuwaambia wagharimie tiba ya ugonjwa ambao hawakuuleta, bila kuwauliza, ni kuwaumiza mara ya pili na kudai shukrani juu yake.

Halafu kuna hiyo haraka yenyewe. Kule Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikwama kwa mizozo na wakazi, ukafa kabisa mwaka wa 2016. Miaka ilipotea, pesa zikapotea, na hakuna taa hata moja iliyowaka. Anayeruka hatua ya kuongea na wenyeji hajaokoa muda. Amekopa tu, na deni litalipwa kortini au barabarani.

Sisemi tuzime mitambo. Nasema sisi wenye swichi tuna deni, na deni hilo linaweza kuandikwa kwa tarakimu. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe: asilimia 20 iende kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali unapochimbwa. Ni kidogo, lakini kimeandikwa. Je, anayeishi chini ya upepo hastahili mgao ulioandikwa hivyohivyo? Na zile nyaya nene zinazopita juu ya vijiji, kwa nini kuzishusha hapo kuwe jambo la kufikiriwa mwishoni, baada ya Suswa?

Wiki iliyofuata nilimuuliza rafiki yangu moja kwa moja. "Kama mngeulizwa vizuri tangu mwanzo, mngekubali?"

Alifikiria kidogo. "Pengine. Upepo uko mwingi, hauishi. Lakini na sisi tungeuliza."

"Mngeuliza nini?"

"Vitu vidogo tu. Ngamia watapita wapi. Hii ardhi itarudi lini. Na kwetu, taa zitawaka lini?"

Nikaangalia simu yangu pale ukutani. Ilikuwa imejaa tayari. Nikaichomoa, nikampisha aweke yake.