Mwaka Mmoja Zaidi, na Samadi

Ujumbe wa Jumapili. Somo: Luka 13:6–9



Jumapili iliyopita tuliishia kwenye ule mtini uliokosa matunda, na wengine walinishika mlangoni wakitaka kujua kama leo nitahubiri juu ya shoka. Hapana. Leo nahubiri juu ya samadi. Anayetaka kucheka acheke, lakini afungue Biblia yake mstari wa nane aone kama neno hilo halimo.

Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tunda, hakuna. Amechoka, anataka mti ukatwe, maana unakalia ardhi bure. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja. Sasa sikiza anavyoomba. Hasemi tuuache tuone itakuwaje. Anataja kazi atakayoifanya kwa mikono yake mwenyewe: atachimba kuuzunguka, ataweka samadi. Ombi lake lina jembe ndani yake.

Sisi kila mkesha wa Desemba 31 tunalia mpaka saa sita usiku tukiomba mwaka mwingine. Amina, tuombe. Lakini Machi ikifika, Bwana akituuliza samadi iko wapi, tutamwonyesha nini?

Mpendwa, nataka tuingie nyumbani kwako. Si sebuleni. Twende nyuma ya jikoni.

Kogo zetu walikuwa na kabungut, kile kipande kidogo cha shamba la mama karibu na nyumba. Mboga ilichumwa maji yakiwa tayari yamechemka. Halafu chai ikaja. Ya makampuni ilitangulia, kisha ya wakulima wadogo ikaenea, hasa baada ya KTDA kuanzishwa mwaka 1964. Siisemi vibaya chai. Mimi mwenyewe nimesoma kwa chai, na sadaka ya kanisa hili mnajua inatoka wapi. Ila tumeipanda mpaka mlangoni. Ukitoka na karai ya maji machafu unakanyaga mche wa chai. Simama Silibwet au Litein utazame vilima: kijani kila mahali, na mama anatuma mtoto kibandani akalete sukuma ya deni, ya kulipwa bonasi ikitoka Oktoba.

Na hapa ndipo lazima niungame, maana nikiwahubiria bila kuungama nitakuwa mnafiki.

Miaka michache iliyopita dada mmoja alikuja ofisini na mtoto wake wa miaka miwili. Kliniki walikuwa wamemwambia mtoto ana upungufu wa damu. Walimpa dawa, wakamwambia ampe pia mboga za kijani, maharagwe na nyama au maini akiweza kupata. Dada huyu hakuja kwa maombi peke yake. Alikuwa amemwomba mume wake ang'oe mistari miwili ya chai iliyo karibu na jikoni apande managu na isagek. Mume alikataa, akasema chai ni karo. Akaniomba nikazungumze naye.

Nikamwekea mtoto mikono, nikaomba sana. Kisha nikamwambia mama yule amtii mume wake na asubiri bonasi.

Ilikuwa Februari. Hesabu na mimi, Februari mpaka Oktoba. Miezi minane. Mtoto wa miaka miwili, na mchungaji anamwambia asubiri miezi minane. Na nilitumia maandiko kumwambia hivyo.

Hakuna aliyenikemea. Jioni hiyo kwangu, kijana wetu alitumwa sukuma akarudi mikono mitupu, kwa sababu deni letu lilikuwa limekuwa refu. Mama Pasta hakusema neno. Alichukua maji ya kuoshea vyombo akayamwaga mlangoni kama kila siku, nami nikayatazama yakiteremka kati ya miche ya chai. Chai yangu. Hata mimi nilikuwa nimeipanda mpaka mlangoni. Ushauri niliompa dada yule niliutoa kwenye shamba langu, si kwenye Neno.

Kesho yake nikaenda kwao. Nikamwomba dada msamaha mbele ya mume wake. Wapendwa, kufunga siku tatu ni rahisi kuliko hiyo. Ndugu yule akanitazama akauliza, "Kwa hivyo, Pasta, umekuja kuniambia ning'oe chai?" Nikamwambia sijui, wacha kwanza tuzunguke boma.

Nyuma ya zizi tukakuta magunia matupu ya mbolea ya chai, yale ya kilo 50, yamekunjwa vizuri. Tukaanzia hapo.

Wengine mmeniomba niandike tulivyofanya, basi nawaandikia. Unakunja mdomo wa gunia, unalisimamisha penye jua. Changanya udongo na samadi iliyokaa, ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Chukua mkebe uliotoboka, ondoa pande zote mbili, usimamishe katikati ya gunia na uujaze mawe madogo. Zunguka mkebe na udongo. Udongo ukifika juu, vuta mkebe, ujaze mawe tena, endelea hivyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Bila hiyo, miche ya chini itakauka huku ya juu ikioza. Kisha toboa matundu ubavuni, yasiwe mstari mmoja juu ya mwingine, upande sukuma. Juu weka vitunguu au dhania. Gunia moja linabeba miche 20 na zaidi, na halihitaji hata futi moja ya chai ing'olewe.

La kwanza lilikufa lote. Kosa langu. Niliona samadi mbichi imejaa zizini nikasema tuitumie, na samadi mbichi ina moto, ikachoma mizizi kwa wiki moja. Ndugu yule alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomlainisha, maana la pili alilijaza yeye mwenyewe.

Samadi lazima ikae. Rundika mabua makavu ya mahindi, juu yake majani mabichi, hata yale ya tithonia, maua ya njano yaliyojaa kando ya barabara, kisha samadi, jivu kidogo, udongo, maji. Rudia mpaka rundo lifike kifuani. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa moto, rundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza kila wiki mbili au tatu, lifunike na majani ya migomba mvua isilioshe. Kwa baridi yetu ya hapa ngoja miezi mitatu, wakati mwingine minne. Lakini matawi ya chai uliyopogoa yaache kwenye chai, yanafunika udongo na kuirutubisha chai yenyewe.

Juu ya jivu niwaambie jambo ambalo wengi hatujui. Udongo wetu una tindikali nyingi, na ndiyo maana chai inaupenda. Sukuma haiupendi hivyo. Konzi moja ya jivu la kuni lililochekechwa, ukichanganya ndani ya gunia, inapunguza hiyo tindikali. Kwa sababu hiyo hiyo usiimwagie chai yako jivu. Jivu pia linafukuza vidukari ukinyunyiza kwenye majani asubuhi kukiwa na umande, kisha uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Maji ya kuoshea mboga na mchele peleka kwenye gunia. Ya sabuni nyingi yapeleke kwa migomba. Nyuzi za gunia zikianza kumenyeka kwa jua, hamisha udongo uweke jipya kabla vipande havijatapakaa shambani.

Mtajiuliza mtoto aliendeleaje. Alimaliza dawa zake, akarudishwa kliniki mara mbili, na kuanzia Mei alikuwa anakula managu ya nyumbani. Alipona. Dawa, chakula, maombi, msinitake nitenganishe. Atakayekwambia uache dawa kwa sababu umepanda mboga, usimsikize, hata akiwa amevaa kola.

Na zile mistari miwili ya chai? Ziko mpaka leo. Ndugu hakuzing'oa, nami sikumsukuma. Lakini mvua ya mawe ilipopiga na kuchana kila jani la sukuma, nilimkuta akijenga kichanja cha mianzi juu ya magunia saba. Hakuwa ametumwa na mke wake.

Kina baba, nawaona mnatazama chini. Ahabu katika 1 Wafalme 21 alitaka bustani ya mboga karibu na nyumba yake, na hapo hakukosea. Alikosea kwa kutaka shamba la Nabothi. Wewe hutakiwi kumnyang'anya mtu yeyote. Hatua nne kutoka jikoni zinatosha, na mkeo ameshakuomba.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tukutane nyuma ya kanisa. Kila boma lilete gunia moja kuukuu na ndoo ya samadi iliyokaa. Mawe yapo, yalibaki tulipojenga choo. Vijana waje na majembe. Miche ya managu, isagek na sukuma iko kwenye kitalu cha kina mama, na mafungu kumi ya kwanza tumewawekea wajane na wale wenye watoto wadogo. Deni langu kibandani nililimaliza mwezi wa tisa, kabla ya bonasi.